Mwaka Tuliosimulia Majina Yetu

Kompyuta iliyotumika sana ikiwashwa hutoa harufu yake. Si harufu ya kitu kinachoungua, wala si ya kitu kipya. Ni vumbi la zamani linalopata moto polepole, na ndani yake kuna kitu kama chuma kilicholowa mvua kikaanikwa juani. Harufu hiyo niliijua nikiwa darasa la sita, Tabata, katika chumba kidogo kilichokuwa stoo ya majembe na fagio za shule. Mpaka leo nikiinusa, hata kama ni kwenye duka la kuchapisha barua, moyo hunipiga paa. Wenzangu wakisikia kompyuta hufikiria ofisi na mishahara. Mie hukumbuka mchana mmoja ambapo watoto na watu wazima tulikaa katika chumba kimoja, tumetoa macho, na hakuna aliyejua pa kuyapeleka.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Milango ya biashara ilikwisha kufunguliwa na vitu vikamiminika: mitumba, friji kuukuu, redio za kaseti zenye spika kubwa, televisheni ambazo mwenye nazo alizitoa barazani ili jirani waone na wajue kwamba anayo. Kila mtaa wa Tabata ulikuwa ukijengwa. Nyumba zilichomoza nondo juu kama nywele zilizokataa kitana, mchanga ulimwagwa njiani, na garimoshi likipita relini kuta zilitetemeka na sufuria zikagongana jikoni. Mabadiliko yalikuwa kila mahali isipokuwa shuleni kwetu. Tulikuwa bado tunabanana kwenye madawati yaliyong'oka mbao, wengine wakikalia matofali, na insha tuliandika zilezile walizoandika kaka zetu: Safari ya Mbuga za Wanyama, ambako hakuna hata mmoja wetu aliyefika, na Siku Ambayo Sitaisahau Kamwe, ambayo wengi tuliitunga tu.

Aliyelibadili hilo alikuwa Mwalimu Koku, mwanamke mrefu kutoka Bukoba, aliyetufundisha Kiswahili kwa lafudhi ambayo watoto wa pwani tuliicheka hadi siku tulipotambua kwamba sarufi anaijua kutushinda. Alikuwa amerudi kutoka mafunzo ya walimu na huko amejifunza jambo ambalo hakuna mwalimu mwingine aliyelielewa. Alisema mtoto hujifunza lugha vizuri zaidi akisimulia jambo lake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, huku picha zake zikionekana, na kwamba kompyuta inaweza kuviunganisha vyote hivyo vikawa kitu kimoja. Mwalimu Mkuu, Mzee Chande, alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni pa darasa letu, mikono nyuma.

"Hawana madawati, Mwalimu," alisema. "Wewe unataka kuwaletea sinema."

"Si sinema, Mwalimu Mkuu. Ni insha."

"Insha tangu lini ikahitaji umeme?"

Tulicheka, naye Mwalimu Koku akacheka pia. Kumbe alikwisha kwenda Mwenge kwa Bwana Murtaza, Mhindi mwenye duka la kupiga picha, ambaye mwanawe Abbas alikuwa anajua mambo ya kompyuta kama sie tulivyojua kucheza rede. Bwana Murtaza alikubali kuiazima shule kompyuta yake ya zamani, na Abbas akaagizwa awe anakuja nayo kutusaidia. Siku ilipofika, tulitoka madarasani bila ruhusa kuitazama ikishushwa kwenye pikapu, imefunikwa shuka la maua kama bibi harusi.

Kazi tuliyopewa ilikuwa nyepesi kuisikia. Kila mmoja aandike historia ya jina lake: nani alilichagua, kwa nini, lina maana gani. Mwalimu Koku angesahihisha, kisha tungeingia stooni mmoja mmoja kuisoma mbele ya kipaza sauti. Atakayekuwa na picha ya nyumbani ailete, Abbas ataiingiza kwenye kompyuta kwa mashine yake ya kunakili. "Jina ni mlango," Mwalimu alituambia. "Nifungulieni milango yenu niingie. Na tafadhali msinidanganye. Ukidanganya, sauti itakusema."

Sijui kama alijua uzito wa maneno yale. Sie tuliyachukulia kama maneno ya mwalimu.

Zamu yangu ilipofika niliingia stooni. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa godoro la sponji ili kelele za malori zisiingie, kwa hiyo palikuwa na giza, joto na ile harufu. Nilisoma kwamba naitwa Mwanaidi kwa sababu nilizaliwa asubuhi ya Idi, baba akiwa bado yuko msikitini, na mkunga akamwambia mama asihangaike kutafuta jina kwani jina limekuja lenyewe. Abbas alibonyeza kitu, kisha akanigeuzia spika. Ikatoka sauti nyembamba ya mtoto fulani mwenye mafua. Nilimuuliza huyo ni nani.

"Ni wewe," alisema.

Nilimbishia mpaka machozi yakanilenga. Nilikuwa nimeishi na sauti yangu miaka yote nikidhani naijua, kumbe watu wote waliokuwa wakinisikia walikuwa wanasikia kitu kingine. Mshtuko wa kwanza wa msimu ule ulikuwa huo, na tuliupata darasa zima. Wavulana waliojiona wana sauti nzito walitoka stooni wamenyong'onyea.

Jirani yangu wa dawati aliitwa Tausi Ramadhani. Alihamia kwetu tukiwa darasa la tatu, familia yao ilipotoka Tandika, upande wa Temeke, kuja kupanga Tabata. Alikuwa mpole kupita kiasi. Akiitwa jina lake asubuhi, alichelewa kidogo kuitikia, kama mtu anayesubiri kuona kama mwingine ataitika kwanza. Tulidhani ni uzito wa masikio. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na nusu ya sare za shule yetu, pamoja na yangu, zilipita mikononi mwake. Alimpenda mwanawe waziwazi, mapenzi ya kuonewa wivu. Akimwona tu njiani anatoka shule, aliacha nguo kwenye cherehani, akamfuta jasho kwa ncha ya khanga, huku akiita, "Tausi, Tausi wangu," kama anayehesabu shanga.

Insha ya Tausi niliisoma mie mwenyewe, kwa kuwa tulibadilishana madaftari. Ilisema ameitwa jina la ndege mzuri kwa sababu mama yake alipenda vitu vizuri. Ilikuwa fupi, nadhifu, na Mwalimu Koku aliandika chini yake, "Ongeza." Siku ya kurekodi, Tausi alikaa stooni muda mrefu kuliko sote. Alipotoka, uso wake ulikuwa umelowa jasho, na mkononi ameshika bahasha ya kaki. Nilimuuliza ameleta picha gani. Aliniambia, "Utaiona." Kisha akaniuliza, "Mwanaidi, vitu ulivyosema mle ndani, ukibadili mawazo, vinafutika?" Nilimwambia mie sijui, amuulize Abbas. Hakurudi kumuuliza.

Mwalimu Koku alikuwa amepanga kuzisikiliza hadithi zote kabla ya kuwaonyesha wazazi. Lakini ulikuwa wakati wa mgawo wa umeme, na wiki ile umeme ulikatika mtaani kwetu karibu kila siku tuliyokuwa shuleni. Abbas aliichukua kompyuta akaenda kuunganisha sauti na picha dukani kwao Mwenge, naye hakujua nani ni nani. Aliweka kila kitu mahali alipoelekezwa na mtoto mwenyewe. Aliirudisha siku ileile ya maonyesho, wazazi wakiwa wamekwisha kukaa. Kwa hiyo kile tulichokisikia, tulikisikia sote kwa mara moja. Hata mwalimu.

Chumba cha darasa letu kilijaa pomoni. Waya ulivutwa kutoka ofisini, ukapitishwa dirishani, kompyuta ikawekwa juu ya meza ya mwalimu. Watoto tulikaa sakafuni mbele, wazazi madawatini, wengine wakasimama kwenye kuta. Mama Tausi alikuja amejifunga khanga mpya, amekaa safu ya mbele kabisa, magoti yake yakigusa mgongo wangu. Hadithi zilianza, na watu wakacheka hadi kushika mbavu. Mtoto aliyeitwa Shida alieleza shida yenyewe ilikuwa nini. Picha ya mama yangu akiwa msichana mwenye nywele za timtim ilipotokea, mama alijifunika uso kwa mtandio. Hata Mzee Chande alisahau kununa.

Ndipo ikaja zamu ya Tausi. Kioo cha kompyuta kilionyesha picha ya msichana mdogo amesimama mbele ya pazia la studio, miguu yake imekazwa kwenye viatu vyeupe, ana kishimo shavuni. Nilitazama nikakunja uso. Nilidhani Abbas amekosea. Nikahisi magoti ya Mama Tausi mgongoni mwangu yanakakamaa. Kisha sauti ikatoka, taratibu, bila mafua, bila kusitasita:

"Huyu mnayemwona kwenye picha ndiye Tausi. Mimi siye. Mimi naitwa Zuhura. Jina langu nilipewa na bibi yangu kijijini, Kisarawe. Tausi ni mtoto wa mama mkubwa. Alikuwa anasoma Tandika. Alikuwa ahamie shule hii na barua ya uhamisho ilikuwa tayari, lakini mvua zilipoanza aliumwa homa, akafa. Mama mkubwa akaja kunichukua kwa mama. Akanivalisha sketi ya Tausi, ikanitosha. Akaniambia, kuanzia leo ukisikia Tausi, itika. Sikumuuliza kwa nini. Nikiitwa, naitika. Mama mkubwa ananipenda sana. Lakini akinipakata anamwita yule. Namwomba Tausi anisamehe, nimekalia nafasi yake. Na mama mkubwa namwomba aniite Zuhura, hata siku moja tu, hata nikiwa naumwa. Huo ndio mwisho wa hadithi ya jina langu."

Nyuma ya sauti ile, kwenye rekodi, kulisikika garimoshi likipita mbali, na lilipokwisha kupita ndipo tulipojua kweli hadithi imekwisha. Nimewahi kuona ajali, nimewahi kuona nyumba ikiungua, lakini sijawahi tena kuona watu wengi wamepigwa na butwaa kiasi kile. Niligeuka kumtazama jirani yangu wa dawati, msichana niliyekula naye maembe mabichi na chumvi kwa miaka, na sikujua nimwite nani. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ile ilikuwa imekaa kando yangu siku zote, nami sikuwahi kusikia hata tone.

Mama Tausi alisimama. Alitupita sisi watoto sakafuni kama anayevuka tope, akaenda mpaka kwenye kompyuta, akaweka kiganja chake juu ya kioo, pale penye shavu la yule mtoto. Kioo kikalia chirrr kwa umeme wa vumbi, lakini hakuuondoa mkono. "Mwanangu," alisema. "Umekaa wapi muda wote huu?" Hakumwambia Zuhura. Aliiambia picha.

Kisha akageuka. Sote tulijua atampiga. Nadhani wanawake wengine walikwisha kuinuka ili wamshike. Zuhura alisimama wima, mikono imeshuka, anamngojea.

"Nani kakutuma?" aliuliza Mama Tausi.

"Hakuna, mama."

"Nani kakupa picha yangu?"

"Nimeichukua kabatini. Nisamehe, mama."

Mama Tausi alitoka nje, akaenda zake, kandambili moja imebaki mlangoni. Zuhura akaiokota akamfuata.

Yaliyofuata shuleni yalikuwa ya kikubwa, nasi tuliyasikia kupitia madirisha. Mzee Chande alifoka kwamba kuna mtoto shuleni kwake asiyekuwepo, na mwingine aliyepo ambaye ni marehemu. Kwamba mwakani ni mtihani wa darasa la saba, na wakubwa wakijua, yeye ndiye atakayefukuzwa kazi. Huyo msichana aondoke, arudi kijijini, aanze upya kwa jina lake kama atapata nafasi. Mwalimu Koku alimjibu kwa sauti ya chini, na ni jibu lake moja tu nililolinasa: "Mwalimu Mkuu, aliyesoma miaka yote hii ni nani? Aliyekufa hakufanya hesabu hata moja." Mzee Chande akamwambia, "Umetuletea msiba wa watu shuleni, Mwalimu. Sasa uzike wewe." Kompyuta ilifungwa tena kwenye shuka lake siku hiyohiyo.

Zuhura hakuja shule kwa siku nyingi. Pembeni yangu palikuwa na nafasi wazi, na hakuna aliyethubutu kusogea kuikalia. Mtaani maneno yalienea kama moto wa mabua. Wapo waliosema mama yule ni mchawi, amemfanya mtoto wa mdogo wake kivuli cha mwanawe. Wapo waliosema ni mwizi wa nafasi tu. Mama yangu alisikiliza hayo kisimani mpaka akachoka, akatua ndoo na kuwauliza, "Kati yenu nani kazika mtoto?" Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alasiri ile alijitanda khanga, akanishika mkono, tukaenda.

Nilitegemea kukuta nyumba imefungwa. Tulikuta mlango uko wazi, cherehani imefunikwa, na Mama Tausi ameketi chini juu ya mkeka, sebuleni, miguu ameinyoosha kama wafiwa wanavyokaa. Alipotuona alianza kulia. Si kilio cha aibu nilichokitarajia. Ni kilio cha mtu aliyepata msiba asubuhi ileile. Aliongea katikati ya kwikwi: kwamba walipomzika mtoto Tandika yeye alikuwa ndani, hakutaka kupewa pole na mtu, na tanga lilipoanuliwa watu wakarudi kwao kama hakuna kitu. Barua ya uhamisho ilikuwa mezani ina jina. "Nikasema, jina hili likienda shule likakosa wa kuitika, ndipo atakuwa amekufa kweli," alisema. "Nikataka kila asubuhi aitwe na aitike. Basi. Sikutaka kumwibia mtu kitu."

Mama yangu aliketi mkekani, akamkumbatia, akampa pole ya mtoto aliyekuwa amezikwa miaka iliyopita. Jirani mwingine alipita, akachungulia, akavua viatu, akaingia. Kisha mwingine. Hata wale wa kisimani walikuja, mmoja mmoja, macho chini, wakatoa pole. Nilikaa pembeni nimeshangaa, maana sikuwa nimejua kwamba msiba unaweza kusubiri namna ile, mlangoni, mpaka utakapokaribishwa. Kabla ya jua kuzama sebule ilikuwa imejaa wanawake, na bibi mmoja akaanza kumsomea marehemu dua, akimtaja kwa jina lake: Tausi binti Ramadhani.

Baada ya amina, Mama Tausi alijifuta uso, akaangalia mlango wa jikoni.

"Zuhura," aliita. "Waletee wageni maji."

Tulisikia birika likiwekwa chini jikoni. Nadhani Zuhura alidhani hakusikia vizuri. Mama Tausi aliita tena, na safari hii sauti ilimkatika katikati ya jina. "Zuhura."

"Abee, mama mkubwa," alijibu. Akatoka na maji, bilauri zikigongana kwenye sinia.

Mwishowe Mzee Chande alilegea, kwa shingo upande, akakubali Zuhura arudi darasani. Kwenye karatasi za mtihani msichana alibaki Tausi Ramadhani, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuzigusa. Darasani tulimwita Zuhura, na aliitika upesi, bila kusubiri. Alifaulu. Mwalimu Koku hakuwepo kushangilia, kwani alihamishwa kwenda bara mwaka haujaisha, na hakuna mwalimu mwingine aliyeuliza habari za kompyuta. Leo Zuhura ni muuguzi huko Bunju. Kitambulisho chake kinasema Tausi, na wagonjwa humwita Nesi Tausi. Aliwahi kuambiwa anaweza kwenda kula kiapo abadilishe. Alikataa. Aliniambia, "Cheti ni chetu wote wawili. Ila nyumbani naitwa jina langu." Mama mkubwa, ambaye sasa ni kikongwe asiyeona vizuri, anaishi naye.

Mie nami nafundisha Kiswahili, Temeke. Siku hizi si lazima kuazima kompyuta Mwenge; wanafunzi wangu hutengeneza hadithi zao kwa simu, sauti, picha na muziki, wakiwa wamekaa chini ya ukuta wa darasa, na kengele haijalia tayari zimefika kwa watu ambao sitawaona maisha yangu yote. Wanasema lolote. Hawatoki jasho kama tulivyotoka jasho sisi stooni. Nawasifu kwa ujasiri wao, na Kiswahili chao kinachangamka kweli, Mwalimu Koku angefurahi. Lakini bado nashtuka, kila mara, kama mtu aliyesikia kishindo chumba cha pili. Zamani tulikuwa na kipaza sauti kimoja na tukakiogopa. Sasa kila mfuko una kipaza sauti, na maji yakimwagika hayazoleki.

Muhula uliopita mwanafunzi wangu Neema aliniletea hadithi yake kabla ya kuionyesha darasani. Ilimhusu bibi yake aliyemlea, na siku bibi huyo alipofukuzwa na wanawe kutoka kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote za mwaka ule. Nilimuuliza kama bibi anajua kwamba atasimuliwa.

"Hapana, mwalimu. Yeye hana hata simu ya kuangalizia."

"Lakini anaongea kwenye simu?"

"Anaongea. Ya jirani."

"Basi mpigie kwanza. Umsomee yote, kisha umuulize."

Alinitazama kama Mzee Chande alivyokuwa akimtazama Mwalimu Koku. Kisha akatoka uani, akapiga. Kupitia dirishani nilimwona ameinamisha kichwa, anasoma polepole, ananyamaza, anasoma tena. Kisha alikaa chini mchangani, simu ikiwa sikioni, na kwa muda mrefu akawa anamsikiliza bibi.